Nani Ana Haki ya Kumtaja Mrithi? Ugomvi wa Vyeo kutoka Bunkeya hadi Udaipur

Mhadhara uliotolewa mtaa wa Golf, Lubumbashi



Walionialika waliniomba nizungumzie ugomvi wa vyeo vya kurithi, wakanidokeza kwamba India ina mifano mingi: maharaja wanaoshtakiana, manawabu wanaogombea jina moja, nasaba zinazochambuliwa mahakamani. Ni kweli, na nitafika huko. Lakini haifai nisimame hapa Golf nisimulie magomvi ya watu wa mbali wakati ya kwetu yako sebuleni. Katika mtaa huu wanaishi mawakili, wabunge, maprofesa na watu wa migodi ambao baba zao au mama zao wametoka katika nyumba za kifalme. Kiti kinachogombewa kiko Bunkeya, Kamina au Kapanga, lakini kikao cha kukigombea hufanyika hapa, chini ya mwembe wa kiwanjani. Viti vya plastiki hupangwa duara, na mtu mmoja hukaa na bahasha mapajani. Ndani ya bahasha mna nakala ya arrêté ya zamani, yaani amri ya serikali ya kumtambua mtawala, mti wa ukoo uliochorwa kwa kalamu, na picha ya babu akiwa na medali shingoni. Anayepinga naye ana bahasha yake.

Nitasema msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Tamaa ya ndugu wawili haitoshi kuuwasha ugomvi huu, maana tamaa iko kila nyumba. Ugomvi ulishika moto pale haki ya kumtaja mrithi ilipotolewa kwa wazee waliozaliwa kwa kazi hiyo, ikapelekwa kwa mwenye muhuri. Tangu hapo mgombea hana tena haja kubwa ya kuushawishi ukoo. Anayemtafuta ni mtu wa ofisini.

Tuanzie Musumba, kwa Walunda. Simulizi za ufalme wa Mwant Yav, mfalme wao, zenyewe zinaanza na ugomvi wa urithi. Mzee Nkond alikuwa akisuka mkeka, na kando yake kulikuwa na chombo cha maji ya kulowekea ukindu. Wanawe Chinguud na Chinyam walirudi wamelewa, wakadhani ni pombe anawaficha, wakampiga. Binti yake, Ruwej, ndiye aliyemwuguza. Kabla ya kufa, Nkond aliwapita wanawe akampa binti huyo lukano, bangili ya mishipa ambayo ndiyo alama ya utawala. Baadaye Ruwej aliolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka Uluba, na lukano ikahamia mkononi mwa mume. Ndugu zake hawakukubali. Waliondoka na watu wao kwenda magharibi na kusini, na koo nyingi za Angola na Zambia zinahesabu asili yake kutoka safari hiyo.

Katika simulizi hii nataka muione lukano yenyewe. Ilionekana kwa macho. Aliyeivaa alijulikana, asiyeivaa alijulikana, na waliokuwa na haki ya kuivisha walijulikana. Hadi leo baraza la Mwant Yav lina vyeo vya wanawake, Swan Mulund na Rukonkesh, na anayekalia cheo cha Swan Mulund anasimama mahali pa Ruwej. Mtu hufa, cheo kinabaki na majukumu yake, na udugu kati ya cheo na cheo hauvunjiki. Ian Cunnison, mtafiti wa Kiingereza aliyeishi bonde la Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940, alishangaa kumsikia mtu mwenye cheo akisimulia vita vya karne ya kumi na nane kwa kusema "mimi nilivuka mto", "mimi nilimshinda fulani". Huyo alikuwa anasema kweli kwa sheria ya kwao. Kazembe, mtawala wa huko Luapula, ni mmoja. Watu ndio wanaopita ndani ya jina lake.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini jina hugombewa kwa ukali wote huu. Anayelitwaa anatwaa pia madeni, mashemeji, makaburi na ardhi ya wote waliolishika kabla yake.

Sasa twende Bunkeya. Ngelengwa, mwana wa Kalasa, alitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, akifuata njia ya biashara ya shaba iliyofunguliwa na baba yake. Alikaa, akaoa katika koo za wenyeji, akapigana, akajenga dola ya Garenganze. Dunia ilimjua kwa jina la Msiri. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja na mkataba wa kampuni ya Cecil Rhodes, na Msiri akakataa kuutia saini. Mwishoni mwa mwaka 1891 ukaja msafara wa Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa niaba ya Leopold wa Pili akiwa na wapagazi na askari wengi waliochukuliwa Zanzibar. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alikwenda kumkamata Msiri katika kijiji cha Munema, karibu na Bunkeya. Msiri alichomoa upanga. Bodson akampiga risasi akafa, na mtu wa Msiri naye akampiga Bodson, ambaye hakupona.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu leo. Stairs alimkubali Mukanda Bantu, mwana wa marehemu, awe mrithi, lakini kwa masharti yake: nchi ndogo zaidi, na bendera ya Dola Huru ya Kongo juu yake. Masultani wa Kisanga waliokuwa chini ya Msiri walitambuliwa kivyao. Kwa siku chache tu, mgeni ambaye hakujua hata majina ya mababu alikuwa ameamua nani ni nani katika Katanga yote ya kati. Katika msafara huohuo alikuwamo Christian de Bonchamps, mwenye cheo cha marquis alichorithi Ufaransa. Cheo chake hakikuguswa. Aliandikwa marquis alipokuja na marquis alipoondoka, lakini warithi wa Msiri katika majalada ya serikali wakawa mashefu.

Si bahati tu kwamba mwaka uleule, tarehe 6 Oktoba 1891, Dola Huru ilikuwa imetoa dekreti yake ya kwanza juu ya utawala wa mashefu wa kienyeji. Zikafuata za 1906, 1910 na 1933. Kila moja ilizidi kumfanya mwami, yaani mtawala wa jadi, kuwa mtumishi wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na kila moja ilimpa mkoloni kauli ya mwisho. Medali ikachukua mahali pa lukano. Medali haimtambui Swan Mulund. Inamtambua aliyetajwa kwenye karatasi.

Waluba walilipa zaidi. Baada ya mfalme Kasongo Kalombo, wanawe waligombea kiti, na wawili wakabaki uwanjani: Kasongo Nyembo na Kabongo. Zamani ugomvi kama huo ulikwisha kwa mmoja kushinda au kukimbia, kisha ukoo ukarudi pamoja chini ya aliyebaki. Safari hii kulikuwa na mtu wa tatu mwenye bunduki. Kasongo Nyembo alipambana na serikali kwa miaka, akakamatwa mwaka 1917 na kuhamishwa mbali na nchi yake. Mipaka ikachorwa, nyumba moja ikawa mbili, na mpaka leo majina ya watu wale wawili ni majina ya vyeo na ya ardhi huko Haut-Lomami. Ugomvi wa ndugu uligandishwa kwenye ramani.

Hapa India inatusaidia kuona kwamba jambo hili lilikuwa mbinu ya utawala, na kwamba lilijaribiwa huko kabla ya kuletwa kwetu.

Kati ya 1848 na 1856 Gavana Mkuu Dalhousie alishika kanuni moja: mtawala akifa bila mtoto wa kumzaa, nchi yake inaingia mikononi mwa Kampuni ya Waingereza. Sheria ya Kihindu inamtambua mtoto wa kulea kuwa mrithi kamili anayeweza hata kumfanyia baba ibada za mazishi. Dalhousie alisema kwamba mtoto wa kulea anaweza kurithi mali binafsi, lakini si kiti. Satara ilichukuliwa hivyo, na Nagpur vilevile. Huko Jhansi, Raja Gangadhar Rao na mkewe Lakshmibai walimpoteza mtoto wao mchanga, Damodar. Mwaka 1853, siku za mwisho za uhai wa raja, walimchukua mtoto wa ukoo aliyeitwa Anand Rao, wakamvika jina la marehemu, akawa Damodar Rao. Mjumbe wa Waingereza alijulishwa. Walunda wangelielewa jambo hilo mara moja: jina limepata mtu wa kulivaa. Serikali ya Kalkuta ilikataa, Jhansi ikachukuliwa, na mwaka 1857, uasi mkubwa ulipozuka, mama yule alipanda farasi na jeshi lake. Aliuawa vitani Juni 1858.

Baada ya uasi Waingereza walibadili njia. Lord Canning aliwapa watawala wa Kihindi hati za kuwahakikishia kwamba watoto wao wa kulea watatambuliwa. Ni Canning huyohuyo ambaye mwaka 1861 aliamua ugomvi wa wana wa Sayyid Said, sultani wa Muscat na Zanzibar, aliyefariki baharini mwaka 1856. Thuwaini akapewa Muscat, Majid akapewa Zanzibar, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat riali 40,000 kila mwaka. Gavana wa India ndiye aliyeamua nani ni sayyid wa wapi katika pwani ya Waswahili. Mwaka 1896 Khalid bin Barghash alipoingia ikulu ya Zanzibar bila ruhusa ya balozi wa Uingereza, manowari ziliipiga ikulu tarehe 27 Agosti, na kwa muda usiofika saa moja watu wa upande wake wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Hamoud bin Mohammed, aliyeruhusiwa, akakaa kitini.

Huko India kila kitu kiliwekewa kipimo, hata heshima. Nizam wa Hyderabad na watawala wa Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir walipigiwa mizinga 21. Wengine 19, 17, kushuka hadi 9. Maharaja waliandika barua kwa miaka wakiomba mizinga miwili zaidi. Mtu anayesubiri mizinga miwili kwa mgeni hawezi kumwinulia mgeni huyo sauti. Ndipo ninapomwona mwami wetu na medali yake kwenye picha ile ya ndani ya bahasha.

Uhuru uliikuta India na falme zaidi ya 550. Wengi wa watawala walikubali kuingia katika nchi mpya, wakaahidiwa posho na kuendelea kutambuliwa. Mwaka 1970 Indira Gandhi alijaribu kuwafuta kwa amri ya Rais, Mahakama Kuu ya nchi ikaibatilisha. Mwaka 1971 Bunge likabadili Katiba kwa mara ya 26, na kutambuliwa kukaisha. Mbele ya sheria ya India leo hakuna maharaja. Lakini nendeni Udaipur mwone. Maharana Bhagwat Singh wa Mewar, yaani ufalme wa Udaipur, alifariki mwaka 1984 akiwa amekosana na mwanawe mkubwa, Mahendra, aliyemshtaki juu ya mali ya ukoo. Ikulu na amana za familia zikabaki mikononi mwa mdogo, Arvind. Kwa miaka 40 watu wa Mewar wakawa na wakubwa wawili. Novemba 2024 Mahendra alifariki. Mwanawe Vishvaraj Singh, ambaye ni mbunge, akasimikwa katika ngome ya Chittorgarh, kisha akaenda kusali mahali patakatifu ndani ya ikulu ya mjini, kama desturi inavyomtaka mrithi mpya. Malango ya ikulu yalikuwa yamefungwa na upande wa baba yake mdogo. Mawe yakarushwa, watu wakaumia, na polisi wakasimama katikati.

Serikali ya India ilijitoa kabisa katika kutambua vyeo, na ugomvi bado upo. Basi kuna wanaoniambia: profesa, usiilaumu serikali, hata isipokuwepo ndugu watapigana. Nawajibu kwamba Udaipur ndugu walipigania mlango wa ikulu na hoteli zake. Kwetu ndugu wanapigania mamlaka ya dola. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 207, inayatambua mamlaka ya jadi na kusema yanarithishwa kwa desturi ya mahali. Sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 ikaweka hadhi ya viongozi wa mila, na bado mrithi aliyetajwa na ukoo anahitaji arrêté ya serikali. Isitoshe, utawala wa mwami kama ule wa Wayeke, watu wa Msiri, ni ngazi ya serikali yenye bajeti. Kodi ya madini, kwa Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018, inagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 eneo la chini ambako mgodi upo. Eneo hilo likiwa la mwami, yeye ndiye mwenye saini. Hapa Katanga ya shaba na kobalti, hesabu hiyo kila mmoja wenu anaweza kuifanya kichwani.

Ndiyo maana siku hizi mazishi ya mwami hayajaisha na tayari kuna wajumbe wako njiani kwenda Kinshasa.

Mobutu naye alikuwa amejaribu dawa ya aina yake. Mwaka 1973 aliwageuza viongozi wa mila kuwa watumishi wa kuhamishwa kama maafisa wengine, shefu wa huku apelekwe kule. Miaka michache haikupita mpango ukaachwa, kwa sababu mwami nje ya makaburi ya babu zake si mwami kwa mtu yeyote. Mwaka 1976 Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe, akarithi kiti cha Bunkeya. Alikuwa mtu wa siasa kupita wote waliomtangulia, na waliokuwa na hesabu naye ya kifo cha Lumumba mwaka 1961 hawakuisahau. Lakini jina la Mwenda, ambalo ni la watawala wa Bunkeya, alilipata kwa kuwa wa uzao wa Msiri, na hilo halikutoka Kinshasa.

Nisiwafiche gharama ya kukosea. Huko Dibaya, Kasai ya Kati, Jean-Prince Mpandi alitajwa na ukoo wake kushika jina la Kamuina Nsapu. Serikali haikumtambua. Akaomba, akangoja, wengine wakatambuliwa, yeye la. Aprili 2016 nyumba yake ilipekuliwa. Tarehe 12 Agosti mwaka huo aliuawa na vikosi vya serikali. Vita vilivyofuata vilisambaa majimbo ya Kasai, watu wapatao milioni 1.4 wakahama makwao, zaidi ya 30,000 wakakimbilia Angola, na maelfu wakafa, wakiwemo watoto waliotiwa vitambaa vyekundu kichwani na kupelekwa mbele ya bunduki. Najua yalikuwepo mengine, umaskini na uchaguzi uliocheleweshwa. Lakini moto ule uliwashwa na jina lililokosa muhuri.

Je, kuna mahali pamefanikiwa? Upo mfano ambao jirani zetu Waismaili, wenye maduka katikati ya mji huu, wanaujua vizuri. Cheo cha Aga Khan, kiongozi wao wa dini, kilitolewa na Shah wa Uajemi kwa Hasan Ali Shah mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kilipohamia India kiligombewa sana: mwaka 1866 baadhi ya Wakhoja, jumuiya yake ya huko, walimfikisha mahakamani Bombay, na mwanzoni mwa karne iliyopita jamaa wa nyumba yake wakafungua kesi nyingine juu ya mali. Alishinda zote mbili aliyeshika cheo. Kisha nyumba hiyo ikajifunza kuandika. Aga Khan wa Tatu alipofariki Julai 1957, wosia ulimtaja mjukuu wake Karim, akiwapita wanawe wawili waliokuwa hai. Jambo hilo lingeweza kuichana jumuiya vipande. Tarehe 19 Oktoba mwaka uleule Karim alisimikwa Dar es Salaam mbele ya umati, na kiti kikatulia. Alipofariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, wosia ulifunguliwa, na siku iliyofuata dunia ikajulishwa kwamba Rahim ni Aga Khan wa Tano.

Sisemi mwami naye amtaje mrithi peke yake. Desturi zetu nyingi hazimruhusu, na zina sababu nzuri: anayetajwa na baraza analiogopa baraza. Nataka tuchukue jambo moja tu kwao, kwamba kanuni ilijulikana kabla ya kifo, na karatasi iliandika uamuzi wa wenye haki badala ya kuuchukua uamuzi wenyewe.

Tuna aliyetutangulia katika kazi hiyo. Antoine Munongo, mwami wa Bunkeya kuanzia 1956, alikusanya historia ya Wayeke akaichapisha hapa Lubumbashi mwaka 1967. Aliandika nani alimzaa nani na nani alirithi nini, wakati wazee waliojua walikuwa bado hai. Ukoo mwingine unaoweza kusema hivyo ni upi? Masultani wa Kilamba, ambao mji huu umejengwa juu ya ardhi yao, wangapi wameandikiwa orodha ya wenye haki ya kutaja?

Kwa hiyo nina maombi. Kwa serikali: arrêté itolewe kwa muda uliowekwa na sheria, na isitolewe kamwe bila muhtasari wa kikao cha wateuzi uliotiwa saini na wateuzi wenyewe, wanawake wenye vyeo wakiwemo. Asiyetambuliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa, kabla hajapoteza imani yote. Kwa vyama vya siasa: msipeleke gari wala mfuko wa fedha katika kilio cha mwami.

Na kwenu, watu wa Golf. Ninyi mna kalamu, mna mawakili, na simu zenu zinapokelewa Kinshasa. Mwaka huu, mwami wenu akiwa hai na mzima, nendeni nyumbani mkakae na wazee. Andikeni majina ya wateuzi, njia ya kuteua, na alama za cheo mahali zinapohifadhiwa. Msomeeni mwami mwenyewe, asikie na akubali mbele ya watu. Wekeni nakala moja kwa mwami, moja kwa baraza, moja katika ofisi ya teritori, na moja katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi ambako wajukuu wenu wataisoma. Siku kiti kitakapokuwa wazi, hiyo ndiyo karatasi ya kutia katika bahasha.